Nyonga ya Kushoto

Mume wangu,

Hatujambo, ila kukaa kitako siwezi. Tangu jana nimefagia uwani mara tatu. Bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Unakumbuka nilikuambia binti yako anachechemea kwa kumwigiza babu yake, ili akwepe shule? Eksirei ilitoka safi, basi nikawa namfokea na kumtembeza kwa miguu kila asubuhi. Hilo sikukuandikia.

Kwa kuwa hakuacha kuchechemea, jana nilimpeleka hospitali, wakamdunga dawa ya kung'arisha picha, wakamwingiza kwenye mashine. Mpiga picha akanionyesha: damu inapofika, mfupa unang'aa. Nyonga ya kulia iling'aa. Ya kushoto, kichwa cha mfupa wa paja kilibaki cheusi.

"Damu haifiki vizuri, mama, na mfupa bado unakua," daktari akasema. "Eksirei huchelewa kuonyesha. Bahati tumewahi. Asiukanyagie mguu huo."

Nilimbeba mgongoni hadi nyumbani, na miaka yake saba, mzito huyo! Njiani akaninong'oneza, "Mama, sasa naruhusiwa kuchechemea?"

Njoo umjibu wewe. Mimi nimeshika ufagio tena.

Mkeo