Sketi ya Mama Niliyoipanua Mara Mbili

Jumanne. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na sijafungua kibanda changu cha ushonaji pale Mkuyuni.

Leo majibu yametoka. Mama ana saratani ya mfuko wa mayai, na imeshasambaa tumboni.

Ilianza kabla ya Pasaka. Mama ni mwalimu mstaafu, anaishi Butimba, mtu wa kumaliza sahani yake. Akawa anakula matonge matatu ya ugali na kusema ameshiba. Tumbo linajaa, haja ndogo kila mara. Zahanati ya kwanza wakasema vidonda vya tumbo. Ya pili wakasema UTI. Ya tatu, daktari hakuinua hata macho: "Mama, huo ni umri. Punguza maharage." Tukacheka naye.

Sasa niandike nisilomwambia mtu. Mwezi wa nne Mama aliniletea sketi yake ya kanisani niipanue kiuno. Mwezi wa sita akairudisha, nipanue tena. Siku hiyohiyo nikampunguzia blauzi, maana ilikuwa inamvuka mabegani. Futi ya kupimia ilikuwa mkononi mwangu. Kiuno kinaongezeka, mabega yanakwisha.

Nikamtania kwamba ananenepa.

Wiki iliyopita tulimpata daktari mwingine, binti mdogo tu. Alimpa Mama shikamoo, akamlaza, akampapasa tumbo taratibu. Wa kwanza kumgusa katika miezi yote hiyo. Kisha akauliza, "Nguo zinakukaaje siku hizi, mama?"

Mama akanitazama mimi.

"Zinambana kiunoni," nikasema. "Juu zinampwaya." Daktari akaandika kipimo cha ultrasaundi palepale.

Jioni hii nimeshindwa kuvumilia. Nimekaa ukingoni mwa kitanda chake nikamwambia, "Mama, nilipima kwa mikono yangu. Niliona, nikanyamaza."

Akanijibu, "Mimi nilikuwa naivaa sketi hiyo kila Jumapili, na mimi nikanyamaza. Nilichoka kuambiwa ni umri."

Hakulia. Nimelia mimi.

Kesho asubuhi tunakwenda hospitali ya rufaa. Nimeandika kila kitu kwenye daftari: lini alianza kushiba haraka, lini tumbo lilijaa, sentimita zote nilizoongeza. Nitamsomea daktari mpaka mstari wa mwisho, hata akiangalia saa.

Najua nimechelewa. Nitasoma hivyohivyo.