Jina Nililoliita Kwenye Foleni

Mjukuu wangu Achieng',

Huku Silanga tuko, ila tumechoka. Maji yamepotea tena, na miguu yangu inavimba. Mamako anakusalimu kutoka kwenye kibanda chake cha mboga.

Umeniuliza mimi nyanyako, "Dani, niende semina Jumamosi ya nini, kusomea magonjwa ambayo huku Lodwar sitayaona, na wiki nzima nimekesha wodini?"

Nilipokuwa nesi Kawangware, kulikuwa na mtoto anaitwa Ojwang'. Nimonia, usaha masikioni, nimonia tena. Kipimo cha ukimwi hakikuonyesha kitu. Tukimtibu anapona, halafu anarudi.

Nikatumwa semina. Nusu yake nilisinzia. Nilipozinduka, daktari alikuwa akisema kuna watoto wanaozaliwa na kinga dhaifu, na tuwaulize kina mama kama mtoto ana kaka waliokufa wachanga.

Nikamkumbuka Ojwang'. Unajua sisi Wajaluo jina hilo tunampa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa. Tunajifanya tumemtupa, ili kifo kisimtamani. Na mimi nilikuwa naliita kwenye foleni kila mara.

Aliporudi nikamuuliza mamake, "Walimtangulia wangapi?"

"Wawili, sista. Wavulana." Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na kwetu wafu hawatajwi ovyo.

Tukamtuma hospitali kubwa. Damu ikapimwa, kinga ikakutwa dhaifu kweli, akaanzishiwa dawa ya kumkinga. Nimonia zikapungua.

Sikwambii uende, Achi. Nakwambia tu kwamba mama yule alipojifungua mvulana mwingine tulimpima mapema, na akampa jina la babu yake, si la mtoto wa kutupwa.

Ni mimi Dani wako