Wimbo wa Msaliti Jikoni Bur Dubai

Dada Zuhura, shikamoo, na pole kwa joto la Tanga, ingawa mbele ya hili la Dubai joto lenu ni upepo wa feni.

Mwenzio sijapona mshtuko. Mpishi wetu hapa mgahawani, mzee wa Kijapani, huimba akikata samaki. Ni nyimbo za zamani za majambazi wa kwao, walioapiana udugu na kumtii mkubwa wao hadi kufa, kisha mmoja akamuuza mwenzake. Mimi, bingwa wa lugha saba, huwatafsiria wenzangu. Kijapani najua salamu tu, lakini nani atanikosoa? Leo mzee mwenyewe akaeleza ubeti mmoja kwa Kiingereza: msaliti amerudi, amepiga magoti kwenye mvua. Nikacheka, "Kwetu huyo angetungiwa taarabu moja tu, ahame mtaa!"

Hakuna aliyecheka. Waswa, Mganda ninayekula naye sahani moja, akapiga magoti sakafuni, paji la uso chini. "Kaka, ni mimi niliyemwambia bosi kwamba unachelewa kazini. Niliutaka ule usimamizi wa jikoni."

Dada, usimamizi nilionyimwa! Mimi ninayefika kabla ya funguo! Mzee akaweka kisu chini, wote wakanitazama. Nikamshika Waswa mabega, nikamwinua. "Simama, yalla, wageni wana njaa."

Mkono umemwinua, ila moyo bado uko njiani. Niombee ufike, maana kesho tunakula pamoja tena. Wapakate watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako, Hamisi