Upepo Uliokunja Kamba

Corentin, rafiki yangu, nakuandikia kutoka mlimani kwa hasira!

Asubuhi nilifunga mteremko wa juu kwa kamba. Theluji ililia chini ya skii zangu, mbao za kutelezea, kama pipa tupu. Akipita mtu mmoja, yote inaporomoka naye.

Saa sita narudi, kamba haipo njiani!

Mkuu wetu Ghislain ananiambia kwa jina lake la kunitania, "Upepo huo, mshairi."

Upepo! Upepo umefungua fundo langu, ukakunja kamba kwa umbo la tarakimu nane, kama tukunjavyo sisi walinzi wa mlima?

Nikamwuliza, "Upepo huo umejifunza wapi kazi yetu, bosi?"

Akacheka. "Wageni wanataka theluji mpya, kijana."

Nimeifunga tena. Sasa ananiuliza kwenye redio, mara ya tatu, nitashuka saa ngapi.

Siiachi kamba peke yake; sishuki, hata anifukuze.