Filamu Alizozisikiliza Mama

Isevya, Tabora
6 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Hafsa,

Shikamoo dada. Habari za Maskati, na habari za mgongo? Najiat, jirani yako wa huko aliyekuja likizo, aliniambia kwamba siku hizi unakata vitambaa ukiwa umesimama tangu asubuhi mpaka alasiri, nikaelewa kwa nini sauti yako kwenye simu huwa kama ya mtu aliyejitwisha ndoo. Tafadhali tafuta stuli ndefu ukae.

Sisi huku hatujambo. Joto la Oktoba limetushika, mabati yanalia mchana kutwa, na maji ya bomba yakija leo yanakosekana siku mbili. Afya tunazo, tunamshukuru Mungu. Mama naye ni mzima, ingawa juu yake nina maneno marefu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Simu yangu ndiyo simu yake. Kila ujumbe wa sauti tunausikiliza pamoja. Barua hii nitampa Najiat atakaporudi huko wiki ijayo.

Kwanza nikujibu ulichouliza. Zile filamu ulizotutumia kwenye flashi tumezimaliza zote isipokuwa moja. Kila Ijumaa na Jumapili, nikishafunika cherehani na kuswali alasiri, tulikuwa tunaketi mimi na mama mbele ya runinga na sahani ya karanga.

Ile ya mrina asali imetuchekesha mahali ambapo nadhani hawakutaka tucheke. Mtu anapanda mtini kufuata mzinga akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi, hana moshi, anatia mkono na kutoa asali kama anayetoa mkate kabatini. Marehemu baba, aliyekuwa akienda Ipole kununua asali kila msimu, angeinuka akatoka nje. Na mkewe, eti mkulima maskini, ana gauni lenye bitana na zipu iliyofichwa. Nguo kama ile mimi fundi naishona siku mbili. Tena asubuhi anaamka kitandani na kope za bandia zimesimama vilevile. Hata hivyo yule binti aliyeigiza mtoto wao ana kipaji. Pale anapoambiwa kwamba baba hatarudi, halii, anaendelea tu kupepeta mchele mpaka ungo unabaki mtupu. Nililia mimi badala yake.

Ile ya Kihindi ya ndugu waliopotezana sokoni, iliyotafsiriwa, sikuipenda. Mtafsiri wake hanyamazi. Mama mtu anakata roho, yeye anatangaza duka lake lilipo. Mlango ukifunguliwa anakwambia mlango umefunguliwa, kana kwamba sisi hatuna macho. Mama aliipenda kuliko zote. Tuliirudia mara nne.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, dada, maana unamjua mama mdogo wako. Zamani alikuwa akisema watafsiri wanampigia kelele kichwani, bora filamu ya Kichina isiyoeleweka lugha kuliko ile iliyotafsiriwa. Mwaka huu kila nikichomeka flashi ananiuliza, "Hiyo imetafsiriwa?" Nikijibu hapana, anasema tuiache kwanza. Nikadhani ni uzee tu, watu hubadilika.

Kisha tukaiona ile ya mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Hiyo dada nakushukuru nayo. Mkewe anamtafuta siku nyingi, na mwishoni anamkuta kwenye benchi la kituo cha treni. Mzee hamtambui. Mama yule hasemi neno. Anaketi kando yake, anatoa chungwa mkobani, analimenya, anamkatia nusu. Mzee anapokea, wanakula. Filamu inaishia hapo, hakuna hata muziki, nadhani dakika tano nzima hakuna anayesema kitu.

Nilikuwa nimejifunika uso kwa ukosi wa gauni nikilia. Mama akauliza, "Imeisha?"

Nikamwambia bado kidogo.

Akasema, "Mbona wamenyamaza? Yule mwanamke kumbe hakuja?"

Na yule mwanamke, dada, alikuwa amejaa kioo kizima.

Nilimtazama mama akiwa ameelekeza uso kwenye runinga kama mtu anayetazama kweli, mikono imetulia mapajani. Nikasema kwamba imeisha, nikazima. Kesho yake, nikiwa kwenye cherehani, nikamwomba anipe uzi wa kijani kwenye kopo. Aliinama, akapapasa taratibu, akaninyooshea wa zambarau huku akizungumza habari za bei ya mchele.

Nilishuka nikaketi naye chini kwenye mkeka. Nikamuuliza, "Mama, tangu lini?"

Akasema, "La kushoto tangu mwaka juzi. La kulia tangu mfungo uliopita limekuwa ukungu. Mwanga nauona, na kivuli chako nakiona."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hali mimi naishi naye humu ndani na mchuzi wake napika mimi. Jibu lake ndilo limenichukua zaidi ya mwezi kuamua kama nikuandikie au nisikuandikie. Nimeona nikuandikie, maana ni jambo lako pia.

Alisema, "Dada Shamila alipoacha kuona, watu waliacha kumuuliza. Leo vaa hili. Leo utalala kwa fulani, kesho tunakupeleka kwa fulani. Nilimwona Kaliua ameketi kwenye kiti akiwa amefungashiwa, hajui anakwenda wapi. Nikajiapia, yangu yakinifika sitamwambia mtu."

Dada Hafsa, naomba usinielewe vibaya. Mama mkubwa alipopofuka ninyi watoto wake mlimpokea wote kwa zamu, Kaliua, kisha Kigoma, na mwisho kwako Dodoma mpaka Mungu alipomchukua. Mimi sikumwogesha hata siku moja, kwa hiyo sina mdomo wa kumlaumu mtu. Nilichokiona siku ile ni woga wa mama tu. Mtu mzima amejizoesha kuhesabu hatua kutoka kitandani hadi jikoni, amejizoesha kucheka mimi ninapocheka, ili asije akafungashiwa.

Nilikosea jambo moja mwanzoni, nalo nikukirie. Nilimpigia kaka Nurdini Mwanza kabla ya kuzungumza vizuri na mama. Nurdini naye kwa mapenzi yake akasema anakuja Jumamosi kumchukua, chumba kipo. Mama alisikia kila kitu, macho yamekufa lakini masikio yanasikia hadi kwa jirani. Siku mbili hakula chakula changu. Siku ya tatu nilimpigia tena kaka, nikampa mama simu mkononi, nikamwambia Nurdini, "Usiseme na mimi. Muulize mwenyewe." Kaka akauliza. Mama akasema anataka kubaki Isevya, na kwamba kama kuna daktari atakwenda, ila aende kwa miguu yake na arudi kitandani kwake. Nurdini akakubali. Nilisikia sauti yake imebadilika.

Basi kliniki ya macho. Tuliambiwa la kushoto ni presha ya macho, mshipa umeshakufa, halirudi. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na hilo linatibika kwa upasuaji. Daktari, kijana mpole, alitaka kunieleza mimi, nikamwonyesha mama. Akageuza kiti akamweleza yeye. Mama alimuuliza maswali mengi kuliko ambayo ningeuliza mimi, pamoja na hili: "Na wewe umeshawahi kukosea?" Daktari akamjibu kwamba aliwahi, mara moja, na akamweleza ilikuwaje. Nadhani jibu hilo ndilo lililomfanya mama akubali.

Walimfanyia tarehe tisa mwezi uliopita. Wiki moja kabla, tulizimaliza zile filamu mbili zilizobaki, mimi nikiwa mtafsiri. Ni kazi ngumu, nimeanza kumheshimu yule mpiga kelele. Ile ya mwalimu anayegombea shamba la urithi nilijitahidi sana, lakini mama hakuridhika. "Umeruka," alikuwa akisema. "Amekasirika, amekasirikaje? Amevaa nini?" Nikimweleza nguo vizuri na uso nikausahau, ananirudisha. Mwisho akasema kwamba filamu ilikuwa nzuri, msimulizi ndiye dhaifu. Mimi naona filamu yenyewe ni ndefu mno na hakimu anaongea kama anasoma gazeti, lakini tumekubaliana kutokubaliana.

Walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake. Alinitazama muda mrefu, akaninyanyua kidevu kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Akasema, "Zamda. Kumbe umeanza mvi." Muuguzi akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeishi naye tangu mfungo nikidhani ananiona.

Jicho lile moja sasa linaona vizuri, anatia dawa ya matone katika lile jingine ili lisimuume. Jumapili iliyopita mwenyewe aliomba ile ya mzee na mkewe. Aliitazama kimya hadi mwisho. Nilimuuliza ameionaje. Akasema mwanamke alimenya chungwa vibaya, aliacha maganda meupe, lakini amemsamehe kwa kuwa mikono ilikuwa inamtetemeka. Mimi, niliyeiona mara mbili nikiwa na macho yangu yote, sikuwa nimeiona hiyo mikono.

Dada, hapa ndipo nilikuwa nimepanga kufunga barua. Lakini kuna jambo limetokea muda huu. Alikuja mteja kuchukua sare za mwanawe, nikaiacha karatasi juu ya cherehani, nikatoka naye barazani kumwonyesha pindo. Niliporudi nilimkuta mama amesimama dirishani, miwani puani, barua mkononi, yupo ukurasa wa mwisho. Nilibaki nimeshika mlango.

Alimaliza kusoma bila haraka. Akasema, "Umeandika kweli tupu. Kosa ni langu mimi, siku ile nilisema kwa hasira na kwa woga, nikawaweka wote kapu moja. Barua haiwezi kwenda hivi kwa Hafsa."

Nikamwambia naweza kuifuta ile sehemu. Akasema hapana, iachwe, ila nimwachie nafasi chini na kalamu yangu.

Basi nimalize upande wangu nimpishe. Nisalimie sana shemeji Nassibu, mwambie ile filamu ya mapigano aliyoichagua yeye tumeitazama nusu tu, damu ilikuwa nyingi kwa mtu anayekula karanga. Wabusu watoto. Nurdini na mkewe wanakusalimu, na jirani yetu Mama Levina anakuombea kanisani kwake kama anavyotuombea sisi. Ukipata nyingine tutumie, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe wepesi kazini, na akurudishe kwetu ukiwa na mgongo ulionyooka.

Ndugu yako ambaye hajaacha kukupenda tangu tuliposhirikiana kitanda,
Zamda

*

Hafsa mwanangu,

Naandika mwenyewe, polepole, mistari itapanda na kushuka.

Niliyomwambia Zamda ni kweli kwa wengine. Si kweli kwako. Mama yako aliniambia kwa mdomo wake nilipokuja Dodoma, mwezi mmoja kabla hajafa. Alisema kila asubuhi ulikuwa unamwekea kanga tatu mapajani, unamsomea maandishi ya kila moja na kumwambia rangi zake, kisha unangoja achague. Hata siku uliyochelewa kazini ulingoja. Aliniambia, "Tunu, kwa Hafsa nilikuwa bado mtu."

Nilipaswa kukuambia siku ya msiba. Nilikuona unalia jikoni peke yako, nikadhani nitasema baadaye, na baadaye ikawa miaka sita. Nisamehe.

Kula vizuri. Ukipiga simu, uliza kama nipo, uzungumze na mimi.

Mama yako mdogo,
Tunu