Taa Mbili za Ssalongo

Bukulula, Kalungu,
14 Agosti 2022.

Mpendwa kaka Wasswa,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Toronto? Kifua chako na ile baridi vimeshapatana? Mimi na watoto tu wazima. Baba ndiye hali yake si nzuri, na ndiyo sababu naandika, maana simu zangu hupokei.

Sasa ni mwaka na miezi minne tangu Kato aruke. Naandika "aruke" kwa sababu Baba hataki pacha wako asemwe amekufa, hata kwenye karatasi.

Unazikumbuka zile taa mbili za ukutani za sebuleni, za vikombe vya kioo? Moja ina ule ufa wa mpira wenu. Baba alizing'oa, akatoa nyaya zilizooza, akasugua kutu, akatia betri ndani na paneli ndogo ya sola juu, kisha akaziba kwa gundi mvua isipenye. Moja aliisimamisha kwenye kaburi la Kato, katikati ya migomba. Ya pili akaiweka bustanini, mbele ya dirisha la chumba chako.

Kule kwenye migomba jua halifiki. Ya Kato ikawa inazimika mapema, yako inakesha. Nilimshauri akate mgomba mmoja tu. Hakukata. Aliichukua yako, akaihamishia kivulini, zikawa zinazimika pamoja.

"Sasa hapo umepata nini, Baba?"

"We Kizza umezaliwa nyuma yao, usinifundishe mapacha. Nikimpa huyu, nampa na huyu."

Shangazi Nnalugwa alicheka mpaka akakaa chini. "Haya Ssalongo, baba wa mapacha, umewagawia hata giza!" Baba naye akacheka. Sijamsikia akicheka tena tangu siku hiyo.

Miguu imemvimba. Hospitali walisema figo, wakatuambia tukae naye nyumbani. Sitakuficha, nilikukasirikia sana ulipokosa kuja kumzika Kato. Nadhani uliogopa kuliona kaburi la mtu mwenye sura yako. Hasira zimekwisha, nimebaki na uchungu tu.

Jumanne jioni taa yako haikuwaka, betri imeharibika. Baba alijikokota hadi migombani kwa fimbo, nami nyuma yake. Akaifungua taa ya Kato, akatoa betri nzima, akaitia katika yako. Mimi nilimshikia bisibisi. Kisha akaniambia niirudishe yako juani, pale dirishani kwako.

"Na Kato je?" nikamwuliza.

"Kato najua aliko."

Maisha yetu yote sijapata kumwona akimpa mmoja wenu na kumnyima mwenzake. Njoo, Wasswa.

Shangazi anakusalimu sana. Nisalimie wifi yangu Proscovia na binti yenu Nakitto. Mungu awatunze, akufungulie na njia.

Baba hatoki tena kitandani. Kila jioni ananiuliza kama taa imewaka, na siku hizi anaulizia moja tu, yako.

Mdogo wako akupendaye,
Kizza