Kompyuta Yenye Betri

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshasoma mstari, basi ufe nao. Neno lolote la humu lisifike ofisini, wala msikitini, wala kwetu Kibondo. Mimi ni karani tu wa ushirika wa maseremala, karani wa majaribio, na majaribio yangu yanaisha Juni. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumanne, 6 Mei 2025

Mashine imefika! Makreti matatu ya mbao, nusu ya mtaa imekuja kuyaangalia yakifunguliwa. Ni CNC. Unachora maua kwenye kompyuta, kisu kinayachonga chenyewe kwenye ubao. Wafadhili wametupa kila kitu isipokuwa hiyo kompyuta.

Mwenyekiti Stanislaus akanigeukia mbele ya watu wote. Kwamba karani amesoma, karani anajua Kiingereza, basi karani ndiye achague kompyuta. Wakapiga makofi. Nikasema ndiyo. Mimi kila mara nasema ndiyo!

Mzee Kipriani, seremala wetu mkuu, mtu wa Kitanga, aliizunguka mashine mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Sasa mwanangu, hii inakula nini?"

Nikamwambia inakula mbao na umeme.

"Basi itakonda. Umeme wa hapa ni wa kulamba."

Ijumaa, 9 Mei

Nimemaliza kitabu cha mashine. Kurasa tisini na mbili, Kiingereza cha kugongana. Nilichokielewa: programu ya kuongoza mashine haidai kompyuta kali. Inadai kompyuta isiyositasita. Ikisita hata kidogo, kisu kinapotea njia.

Ukurasa wa 61 una pembetatu ya njano. Chini yake imeandikwa kwamba kompyuta na mashine lazima vizimike kwa pamoja. Nimesoma mara tano. Kwa nini kwa pamoja? Kitabu hakisemi. Na hakuna mwingine hapa wa kukisoma, kwa hiyo nikikosea, nimekosea peke yangu.

Kesho naenda Kibondo. Nitamuuliza Saady.

Jumamosi, 10 Mei

Saady anauza kompyuta zilizotumika, duka la tatu kutoka la baba. Nilimkuta ameifungua moja tumbo wazi.

"Kompyuta ya mashine haitakiwi akili nyingi," akasema. "Inatakiwa utulivu. Kama mke wa pili."

Asia, mkewe, akajibu kutoka nyuma ya pazia kwamba huyo mke wa pili akija aje na kompyuta yake.

Saady akavuta kompyuta ya mezani kutoka chini ya kaunta. Kuukuu, imegeuka rangi ya maziwa yaliyochacha. Kwa nyuma ina lile tundu pana la pini nyingi ambalo zile mpya hazina. Akasema hii. Nisiiunganishe na mtandao, niizuie isijilaze usingizi, mtu asiitumie kusikilizia muziki. Ifanye kazi moja tu.

Nikauliza kuhusu laptop. Hapana! Laptop ina betri. Nikasema lakini betri si ndiyo nzuri, kwetu umeme unakatika? Akaniwekea kalamu mezani, hii ndiyo mashine. Umeme ukienda, mashine inasimama. Laptop haina habari, inaendelea kutoa amri. Umeme ukirudi, mashine inaamka katikati ya amri, inaruka, kisu kinazunguka, na mtu yuko palepale.

"Wewe unataka kompyuta inayokufa na mashine yake, Nasma."

Niliandika yote. Nimeandika vizuri. Jumatatu ni kusoma tu.

Jumatatu, 12 Mei

Sikusoma.

Yaani nilianza. Kamati watu saba, mabenchi mawili. Mwenyekiti alikuwa ameshaweka laptop mezani, mpya, nyembamba kama sinia. Alipata wapi, sikuuliza. Mimi nikataja kompyuta kuukuu ya Saady. Mmoja akasema wafadhili wakija kupiga picha ndio wakute hilo debe? Wakacheka.

Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, umeme ukikatika, hiyo ya Saady inafanyaje?

Inazimika.

Na hii?

Inaendelea.

"Basi! Jamani, karani anatafuta marehemu!"

Nikasema, mwenyekiti, kuna ukurasa wa 61. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Akasema, "Binti, tumekutuma kuchagua, hatukukutuma kutisha watu." Kisha akanisogezea fomu. Mpendekezaji: jina langu. Sababu ya kuchagua: nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, *ina betri, hivyo kazi haitasimama umeme ukikatika.* Nikasaini. Mwandiko mzuri. Nimesomeshwa nikapata mwandiko mzuri.

Mzee Kipriani alinifuata mlangoni. Alitaka kujua nilikuwa nasema nini kule ndani, kuhusu ukurasa.

"Hamna kitu, mzee."

Alhamisi, 22 Mei

Inafanya kazi! Maua juu ya mninga, safi, kila jani na mshipa wake. Wameunganisha laptop kwa kisanduku kidogo chenye waya wa USB. Mzee Kipriani alipitisha kidole kwenye maua. Akasema amechonga miaka ishirini na sita na mkono wake haujawahi kurudia ua moja mara mbili sawasawa. Sikujua kama anasifu au anaomboleza. Anaiendesha yeye mwenyewe, hataki mtu mwingine aiguse.

Umeme ulikatika mara mbili. Hapa karakana ina desturi yake: umeme ukienda, ndiyo saa ya kufagia. Hakuna anayeambiwa. Mafagio yanatoka, wa randa anasafisha randa, wa msumeno anabadili meno, kwa sababu kila mtu anajua haurudi kabla ya saa mbili kupita. Mzee Kipriani naye akaingiza mkono chini ya kisu, akakumba vumbi kwa kiganja. Laptop pembeni inawaka. Namba zinakimbia.

Nikamwambia, mzee, bonyeza kwanza kitufe chekundu cha mashine, ili umeme ukirudi isiamke.

"Umeme umeshakwenda, mwanangu. Sasa nizime nini?"

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi.

Jioni nimeandika tangazo kwa kalamu nene: UMEME UKIKATIKA, BONYEZA KITUFE CHEKUNDU KABLA YA KUGUSA. Sijalibandika. Mwenyekiti atauliza kwa nini, nami itabidi nieleze kwa nini, na fomu ina jina langu. Liko kwenye droo.

Jumatano, 28 Mei

Saa nne na dakika ishirini umeme ulikwenda. Mafagio yakatoka.

Ulirudi baada ya dakika mbili. Huwa haurudigi hivyo! Haurudigi!

Vidole viwili vya Mzee Kipriani, mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe. Nilichelewa — nilikuwa mlangoni na faili.

Laptop iliendelea kuhesabu.

Alhamisi, 29 Mei

Nimekwenda hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Binti yake Philomena amekuja kutoka Kitanga na mkungu wa ndizi, ameushika mapajani hajui auweke wapi. Nikasema shikamoo, mzee. Akaitikia. Akanitaka nikae.

Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma kile kitabu. Nilikosea wapi?"

Philomena akanitazama. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akanitazama.

Nikasema sijui, mzee.

Akasema basi ni Mungu.



Jumamosi, 31 Mei

Mwenyekiti ameniita. Kwamba wafadhili wanataka maelezo ya ajali, na maelezo yapigwe chapa na mimi. Akawa anasema, mimi nachapa. Kwamba fundi, kwa uzembe wake, aliingiza mkono kwenye mashine ikiwa kazini. Kwamba alishaonywa. Kwa hiyo kwa kifungu cha tisa cha katiba yetu, uanachama wake unakoma, na nafasi yake karakana inapewa mwingine.

Vidole vyangu vilisimama kwenye neno *uzembe*.

Nikasema, mwenyekiti, mashine haikuwa kazini. Umeme ulikuwa umekatika. Ni laptop. Ni betri.

Hakugomba. Bora angegomba. Alifungua faili, akatoa fomu ya tarehe 12, akaiweka mbele yangu, akaigeuza vizuri niisome.

"Mpendekezaji ni nani hapa?"

Mimi.

"Nami nakulinda, binti yangu. Ikiwa si uzembe wa fundi, basi ni uzembe wa aliyechagua. Chagua tena."

Chini ya karatasi kuna mahali pa shahidi: karani. Nisaini Jumatatu kabla ya saa sita. Nilisema nitatafuta muhuri kwanza. Muhuri ulikuwa mfukoni mwangu.

Jumapili, 1 Juni

Nimempigia Saady. Nimemweleza yote. Akasema kama ni kusema, atasema, lakini yeye hakuwapo, na mimi nilikuwapo. Nikamjibu ndiyo.

Baba amepiga. Anauliza kama nitakwenda nyumbani kwa Idi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama kazini wananipenda. Ndiyo.

Jumatatu, 2 Juni

Saa tatu na nusu. Niko kwenye benchi nje ya wodi. Simu ya mwenyekiti imeita mara tatu, ipo kwenye mkoba, inatetemeka kama kuku aliyefungwa.

Nimemwona mzee. Anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Ameniambia akitoka ataanza na kazi ndogo ndogo, vigoda, fremu za picha, na kwamba benchi lake karakana liko upande wa dirisha, mwanga unatosha. Hajui. Hajaambiwa kwamba benchi limeshapewa mtu.

Nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama amekula.

Najijua. Nikiingia ofisini nitasaini. Sitaki, lakini nitasaini, maana atanisogezea karatasi na kalamu kwa upole, na mimi mtu akinisogezea karatasi naandika. Kwa hiyo naandika hapa kwanza, nikiwa sijaingia.

Philomena. Uko ndani unamlisha baba yako. Nitakupa daftari hili ukitoka na sahani, nitasema ni la kuandikia dawa. Soma kuanzia mwanzo. Nilikuwa nimeomba asisome mtu. Wewe soma. Katikati nimeweka nakala ya ukurasa wa 61 na lile tangazo la droo.

Simu yangu usipige, nitaizima. Ofisini usinifuate, nitakukana. Panda gari la Kibondo, ushuke stendi, uulize duka la vyombo la Hilali. Mimi ni Nasma, mtoto wake wa pili, nitakuwa nyumbani hapo kwa Idi. Njoo asubuhi, baba akiwa hajatoka, na uje na mtu mzima mmoja, mwanamume wa kwenu asiyeona haya kupaza sauti. Saady yuko duka la tatu, mwiteni naye.

Nikisema sina habari, msiondoke. Nikisema huu si mwandiko wangu, nipeni kalamu mbele ya baba, niambieni niandike neno *betri*. Nitaandika. Ukinikuta nimeshasaini ya mwenyekiti, njoo vilevile. Ukikuta nimeolewa, nimehama, njoo. Kaa kwenye kigoda cha wateja, sema unangoja, na usikubali chai mpaka

Anatoka na sahani.